Msalaba Ulihama, Mfu Akabaki

Nyumba yetu ya mtaa wa Makongeni, Nairobi, ilikuwa na watu watatu na kiti kimoja kizuri, na kiti hicho kilikuwa changu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo. Mama alikuwa akiamkia soko la Gikomba kuuza nguo za watoto. Baba, karani wa reli aliyestaafishwa kabla hajachoka, alikuwa mzee wa kanisa na mtunza ufunguo. Mimi, mtoto wao wa kiume, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata alama ambazo hazikunipeleka popote, nami nikazitii. Nilipika, nikafua, nikasugua sufuria kwa majivu mpaka ungeweza kuhesabu meno yako ndani yake. Baba akanibandika jina la Stesheni. Aliwaambia wageni, huku nawamiminia chai, kwamba gari moshi huja na kuondoka, lakini hakuna aliyewahi kuiona stesheni ikitembea. Wageni walicheka. Nami nilicheka, maana mzee yule hakuwa na namna nyingine ya kumshika mtoto bega.

Dirisha la jikoni lilitazama uwanja wa kanisa. Kanisa lenyewe lilikuwa la mawe na mabati, mlango mmoja, madirisha yenye nondo. Nje palikuwa na mjakaranda, na kwenye tawi lake ilining'inia kengele yetu, yaani kipande cha reli urefu wa mkono, kilichogongwa kwa bolti. Kiligongwa Jumapili asubuhi na Jumatano jioni. Kikigongwa saa nyingine yoyote, kila mtu alijua pana moto au pana maiti, na kila mtu alitoka na chochote alichokuwa ameshika.

Na kando ya ua palikuwa na kaburi.

Hilo lilikuwa jambo la ajabu. Sisi watu wa Ukambani tukifa mjini hurudishwa Ukambani, na majirani zetu wa magharibi hurudishwa magharibi, hata yule ambaye kwa miaka ishirini hakuwahi kwenda kwao kwa miguu yake. Mtu hazikwi katikati ya kamba za kuanikia nguo. Lakini mwanamke wa kaburi lile alizikwa pale, kwa sababu alifariki wakati wa Hali ya Hatari, barabara zimefungwa na mkoloni hatoi ruhusa hata kwa maiti. Alikuwa mwuza uji wa mtaa wa Shauri Moyo. Kwa uji huo alimsomesha mdogo wake, na mdogo wake akaja kuwa mtu mkubwa, akazaa watu wakubwa, na jina la ile familia mpaka leo ukilitaja kwenye foleni ya maji, foleni inagawanyika mara mbili. Silitaji. Nina foleni zangu za kusimama.

Uji uleule ulimlisha baba yangu. Alishuka Nairobi akiwa kijana na shuka moja, na yule mama akamweka pembeni ya jiko lake miezi sita, mpaka alipopata kazi ya reli. Alipofariki, baba alikuwa mmoja wa wanne waliobeba jeneza. Habari hii alinisimulia mara nyingi nikiwa nakoroga uji, kwa kawaida ili kunionyesha kwamba wangu ulikuwa na madonge.

Sasa lisikilizeni kosa letu, maana ni kosa ambalo kamati ya kanisa pekee ndiyo ingeweza kulifanya. Miaka michache kabla ya vyama vingi kurudi, kanisa lilijaa, tukaamua kulirefusha. Ukuta mpya ulipaswa kupita upande wa pili wa kaburi. Kaburi lingeingia ndani. Wazee walikaa vikao vitatu. Watu wa magharibi walisema mifupa haiguswi bila ukoo wake kuwepo na mnyama kuchinjwa. Watu wetu walisema kugusa mifupa ya ukoo mwingine ni kujiitia balaa hadi mjukuu. Kuwaita wenyewe wenye ukoo kulikataliwa pia, kwa hofu kwamba wangezuia ujenzi. Basi ikapitishwa kwa kauli moja, na baba akiwa katibu akaiandika kwa mwandiko wake wa kikarani: msalaba uhamishwe, marehemu abaki.

Mchongaji mmoja wa Majengo alituchongea msalaba mpya wa mti wa mhugu, ukasimikwa hatua kumi nje ya ukuta, juu ya udongo uliorundikwa vizuri, na waumini wakaambiwa marehemu amehamia huko. Ndani ikamwagwa sakafu. Mimi ndiye niliyechanganya simiti, na hiyo ndiyo kazi pekee ya mikono niliyokuwa nimefanya nje ya jikoni. Baba alisimama juu yangu akisema mchanga ni mwingi, napika simiti kama ninavyopika ugali. Tulipomaliza, mama yangu akachagua benchi ya tatu ya upande wa akina mama, kushoto, akaketi juu ya yule mwuza uji kila Jumapili, akiwa hajui lolote.

Kila mwaka wa kura ile familia ilikuja na magari na maua yaliyofungwa kwa nailoni. Waliyaweka juu ya udongo usio na mtu. Baba alivua kofia na kusema amina.

Kisha vyama vingi vikarudi, na mmoja wa watoto wa familia ile akataka kiti cha ubunge cha kwetu. Wapinzani wake walisema ni mgeni, arudi kijijini kwao. Akasimama mkutanoni, nikamsikia kwa kipaza sauti nikiwa jikoni, kwa kuwa mikutano yote niliihudhuria nikiwa jikoni. Akasema yeye si mgeni, shangazi ya baba yake amelala Makongeni, na mtu hawi mgeni mahali alipozika. Watu wakashangilia sana.

Baba alikuwa anakula. Aliacha kutafuna. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kijana yule ametuletea msiba.

Walikuja baada ya siku tatu, alasiri, jua likiwa kali. Vijana kama ishirini. Wachache niliwajua kwa sura, walikuwa wabebaji mizigo wa Gikomba. Wengine walikuwa wageni. Walikuwa na majembe, sepetu, shoka na rungu. Mkubwa wao alivaa koti la mvua la manjano, na mvua haikuwepo kabisa. Niliwaona kupitia dirishani nikiwa na sufuria mkononi. Kazi yao ilieleweka haraka kwa sababu waliitangaza wenyewe: leo yule mtu atakuwa mgeni, mfu wake anatoka.

Baba alitoka na fulana, ufunguo ukimning'inia shingoni. Aliwaambia, kama anayeongea na watu waliokosa tiketi, kwamba hapo ni kanisani. Mmoja akampiga kofi. Sijui kwa nini ni kofi hilo ninaloliota, wakati yaliyofuata yalikuwa makubwa kuliko hilo. Miwani yake iliruka, na kijana mwingine akaikanyaga bila hata kuangalia, kama mtu anayepita.

Mimi nilifanya nini? Nilizima jiko, maharagwe yasiungue.

Waliupiga msalaba kwa shoka hadi ukapasuka. Ndipo wakaanza kuchimba. Walichimba kwa zamu na kwa haraka, udongo ukiruka juu ya nguo za majirani zilizoanikwa, na majirani wakavuta watoto ndani na kufunga milango. Wanaume wengi walikuwa kazini. Shimo likafika magotini, likafika kiunoni. Walitoa mzizi wa mjakaranda, wakashangilia kidogo wakidhani ni mfupa. Walitoa kopo la rangi. Likafika kifuani, na chini palikuwa na udongo mwekundu, mgumu, ambao tangu uumbwe haukuwa umeguswa na mtu.

Nilidhani watachoka waende. Sikuwajua watu. Mtu aliyekuja kufanya ubaya akanyimwa ubaya wake huutafuta mahali pengine.

Yule wa koti la manjano alitoka shimoni akajifuta jasho. Alimuuliza baba kwa adabu kabisa.

"Buda, huyu mama mmempeleka wapi?"

"Mmechimba wenyewe," baba akasema. "Mmeona wenyewe."

"Nakuuliza na mdomo. Saa hii bado ni mdomo."

Baba akainama kuokota miwani yake. Wakamsukuma shimoni.

Alianguka kwa magoti, akasimama, kichwa chake kikaonekana juu ya ukingo. Wakaanza kurudisha udongo. Sepetu kwa sepetu, bila pupa, wakimwagia miguuni kwanza. Kila baada ya muda mkubwa wao aliinua mkono, wakaacha, akauliza tena. Baba alipojaribu kujiinua kwa mikono, mmoja akampiga kwa mpini wa jembe hapa juu ya kiwiko. Nilisikia mfupa. Wanaosema mfupa ukivunjika unalia kama kijiti kikavu hawajausikia. Unalia kama kiazi kilichokatwa, sauti ndogo yenye maji. Baba alitoa pumzi, hakupiga kelele. Udongo ukafika mapajani. Ukafika kwenye mkanda. Mmoja wao alianza kucheka kicheko cha woga, akaambiwa anyamaze, akaendelea kumwaga.

Hapo nikatoka. Ningependa kuandika kwamba nilitoka kama simba. Nilitoka na ndara, na aproni ya mama yenye maua, na sufuria mkononi kwa sababu nilisahau kuiweka chini. Walipasuka kwa kicheko. Mmoja aliuliza kama mathe, yaani mama, ameleta chakula.

Baba aliponiona alitikisa kichwa. Alijua ninachojua. Watu wote wa kamati ile ama walikuwa wamehamia kwao, ama walikuwa kazini. Pale uwanjani tulikuwa wawili tu tulioijua ile benchi ya tatu.

"Rudi ndani," akaniambia. Udongo ulikuwa tumboni sasa, na alizungumza kwa vipande. "Alinilisha. Usiseme kitu. Rudi."

Mkubwa wao aligeuka akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Hakuwa mjinga. Alimwashiria mwenye sepetu, na udongo uliofuata haukumwagwa tumboni. Ulimwagwa usoni. Baba akakohoa, akatema, na wa pili ukaingia mdomoni uliokuwa wazi.

"Yuko ndani," nikasema. "Kanisani. Kushoto, benchi ya tatu, chini ya simiti."

Sikuipanga sentensi ile, wala sikupima hatari wala kufikiria mbinu yoyote. Ilitoka nzima, na anwani kamili, kama mtu anayeelekeza posta. Baba alikuwa amefumba macho kwa ajili ya udongo. Aliyafumbua akaniangalia. Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba hakusikia.

Walimvua ufunguo shingoni. Wawili wakaachwa kutulinda, wengine wote wakaingia kanisani wakisukumana. Nikasikia mabenchi yakitupwa. Nikasikia majembe yakigonga sakafu, ngo, ngo, na mpini mmoja ukivunjika, na matusi. Simiti yangu, pamoja na mchanga wake wote, ilikuwa inawasumbua. Wakahitaji kitu kizito, na yule wa koti la manjano akatoka nje akatafuta kwa macho, akakiona kipande cha reli mtini.

Hili nalo lilikuwa kosa la mtu asiyekwenda kanisani. Aliifungua waya, wakakibeba wawili, wakaingia nacho ndani, na wakaanza kukitwanga sakafuni. Kengele yetu ililia. Ililia vibaya, kwa sauti nzito ya chini, lakini kila aliyelelewa Makongeni aliitambua, na haikuwa Jumapili wala Jumatano jioni.

Wanaume wa karakana ya reli walikuwa ndio wanatoka zamu. Walikuja na nyundo na spana ndefu. Fundi viatu alikuja na kisu chake. Akina mama wakafungua milango waliyokuwa wameifunga, wakatoka na mitwangio. Hakuna aliyeuliza swali. Walimwona baba yangu shimoni hadi kifuani, uso mwekundu kwa udongo, na swali likaisha. Wale wawili waliotulinda walikimbia. Mmoja alinipitia, nami nikaiachia sufuria ikamwangukia mguuni. Baadaye mtaa mzima ulisimulia kwamba nilimpasua kichwa nayo. Nimekanusha mara nyingi. Hawataki.

Kanisa lilikuwa na mlango mmoja na nondo madirishani. Nimekwisha kusema.

Sikuona yote, kwa kuwa nilikuwa nimepiga magoti namfukua baba kwa sufuria. Lakini masikio hayana mlango. Mwanzoni kulikuwa na kelele za pande mbili, watu wanatishana kama kawaida ya watu. Kisha kelele za upande mmoja zikabadilika zikawa za kuomba. Vijana wale waliita mama zao kwa lugha mbalimbali, na kati yake ilikuwepo lugha yetu, na kati ya waliokuwa wakipiga walikuwepo watu wetu, na nyundo haikusita. Waliochomoka walichomoka wakiwa hawana meno, hawana viatu, mmoja akishika sikio lake kwa kiganja na damu ikipita katikati ya vidole. Mwanamke mmoja jirani, aliyewahi kunifundisha Shule ya Jumapili, alimkimbiza kijana hadi kwenye kamba za nguo na kumpiga kwa mtwangio hadi alipolala, na akaendelea.

Yule wa koti la manjano hakutoka. Alijaribu kujificha chini ya mabenchi ya akina mama, akatambaa hadi pale alipokuwa akibomoa. Walimkuta ameshika ukingo wa lile shimo dogo la simiti kama mtu anayetaka kuteremka. Walimmalizia hapo. Alipotolewa, koti lilikuwa halina rangi ya kutaja, na nilimwona uso. Alikuwa wa umri wangu. Alikuwa na ndevu chache kidevuni, kama zangu, zile ambazo baba aliziita abiria wasio na tiketi.

Polisi walikuja mambo yakiwa yamepoa, wakaandika kwamba ameuawa na watu wasiojulikana. Wasiojulikana wakawaletea maji ya kunywa.

Jioni hiyo nikawa shujaa. Habari ilikuwa imeshajipanga bila kunihusisha: kijana wa karani amewatega, amewadanganya kuna mali ndani, amewafungia kwenye mtego, kumbe kimya chake chote ni akili. Akina mama waliniletea kuku. Mzee mmoja wa karakana, ambaye kwa miaka alikuwa akinisalimia "hujambo mama," alinipa mkono. Nilijaribu kusema sikutega mtu yeyote. Wakasema pia ni mnyenyekevu. Kuku nilimla, sitadanganya.

Mama aliosha sakafu na wenzake kwa siku mbili. Aliniuliza mara moja tu kulikuwa na nini chini ya benchi yake, nikamwambia. Alikaa kitako jikoni. Kisha akasema atabaki palepale, amekwisha kumzoea.

Lile shimo la simiti lilihitaji kuzibwa, na kila mtu akaona ni heshima yangu kuliziba. Nilileta karai, simiti na mchanga. Baba akaja, mkono ukiwa kwenye plasta, miwani mipya puani, akakaa benchini kunitazama. Nilimimina mchanga. Nikamimina mwingine, zaidi ya inavyopaswa, kwa makusudi, nikimsubiri. Hakusema kitu. Nikageuka, nikamwona anatazama ukuta. Nikautoa mchanga kwa mikono, nikaongeza simiti, nikachanganya mzigo mgumu kuliko wowote aliowahi kuuona, nikazibia nao shimo. Akainuka akaenda zake.

Hapo ndipo nilipojua kwamba alisikia.

Hakunigombeza hata siku moja. Alikula nilichopika, akashukuru. Uji ulikuwa na madonge, akashukuru. Wageni walipokuja kusikia habari za mtego, aliwaambia waniulize mwenyewe, kisha akatoka nje. Jina la Stesheni halikutajwa tena. Aliniita "kijana," kama ungemwita mtu anayekuuzia gazeti. Nilidhani nitalifurahia hilo. Kumbe nilikuwa nimezoea kudhihakiwa kama mtu anavyozoea blanketi lenye kuwasha, ukinyang'anywa ndipo unajua kuna baridi.

Mara moja tu nilimkabili. Nilimwambia angekufa. Aliukunjua na kuukunja ule mkono ambao haukunyooka tena.

"Najua," akasema. "Na ungekuwa wewe shimoni, mimi ningesema? Sijui. Na yule mtoto wa watu amekufa. Wacha tu."

Mwishoni mwa miaka ile ya tisini ile familia ilituma ujumbe. Wazee wao walitaka mama yao arudishwe, azikwe kanisani kijijini kwao, karibu na mdogo wake. Walikuja na jeneza dogo, na kondoo, na mchungaji wao, wakaenda moja kwa moja kwenye msalaba uliounganishwa kwa misumari. Kamati ilikohoa. Kamati yote ilimtazama baba, kwa kuwa mwandiko ulikuwa wake.

Mimi nilikuwa dirishani, naosha vikombe vya wageni. Nilimwona baba akiwaeleza, kofia mkononi. Iliwachukua muda kuelewa ni wapi walikuwa wakiweka maua. Mmoja wa wale wakubwa alianza kufoka, na mzee wao, kikongwe mwenye fimbo, akamnyamazisha na kuuliza swali moja: nani anapajua mahali penyewe?

Baba aligeuka kuelekea jikoni kwetu.

"Stesheni!" akaita. "Njoo uwaonyeshe. Kazi hiyo unaiweza."

Watu wachache walicheka, wakidhani ni utani tu. Mimi sikujua ni utani au ni kisu, na mpaka leo sijui. Nilifuta mikono. Nilivuka ua nikiwa na ile aproni, nikaingia, mama akainuka na Biblia yake na kusogeza benchi ya tatu. Nikapewa mtarimbo.

Nilipiga mara ya kwanza, mtarimbo ukarudi. Nikapiga ya pili. Jasho likanitoka, wageni wakaanza kutazamana, simiti ikatoa unga mdogo tu wa kijivu. Baba alikuwa amekaa nyuma yangu, na nilimsikia akivuta pumzi ya kusema neno.

"Siku moja tu niliyonyamaza," akasema, "ndiyo ukaamua kupunguza mchanga."